Uchuruzi kwa WhatsApp: wateja wengi wanauliza bei, kisha wanapotelea wapi?

Kando ya barabara za Goma, Bukavu na Bunia, muuzaji wa mafuta ya rejareja, yule ambaye watu wote wanamuita kadafi, ana chombo kimoja ambacho hawezi kufanya kazi bila hicho: faneli. Mdomo wa juu ni mpana, mdomo wa chini ni mwembamba. Mafuta yanamwagwa juu, yanateremka polepole mpaka ndani ya tangi ya pikipiki. Faneli ikitoboka, kadafi hakimbilii kununua bidoni lingine la mafuta. Anatafuta tundu na kuliziba, kwa sababu kila tone linaloanguka chini alilinunua kwa pesa yake.

Wachuruzi wanaouza kwa simu nao wana faneli yao, hata kama wengi hawajawahi kuipa jina. Picha ya kitenge inawekwa kwenye status ya WhatsApp. Watu wengi wanaitazama, wachache wanauliza "Ni ngapi?", wachache zaidi wanajibu "Sawa, nitachukua", na jioni ikifika ni wawili au watatu tu waliotuma pesa. Muuzaji anahesabu macho yaliyoona picha, kisha anahesabu pesa, na hesabu mbili hizo hazifanani hata kidogo.

Wafundishaji wa biashara wanaiita njia hiyo faneli ya mauzo. Vijana wa miji yetu waliofuata mafunzo ya Kifaransa wanaijua zaidi kwa jina la tunnel de vente. Maana yake ni rahisi: ni hatua ambazo mtu anapitia tangu siku anapoona bidhaa kwa mara ya kwanza mpaka siku anapolipa, na kazi ambayo muuzaji anafanya kwenye kila hatua ili mtu huyo asipotelee njiani.

Wazo la zamani kuliko simu

Faneli ya mauzo haikuzaliwa na intaneti. Mmarekani Elias St. Elmo Lewis, mtu wa kazi ya matangazo katika mji wa Philadelphia, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kupanga hatua hizo, mwaka 1898. Kwake yeye, tangazo sherti kwanza livute macho ya mtu, kisha liamshe hamu ya kujua zaidi, kisha lizae tamaa ya kuwa na kitu, na mwishowe limfanye mtu achukue hatua ya kununua. Mwaka 1924 Mmarekani mwingine, William Townsend, aliyeandika kitabu juu ya kuuza hati za dhamana, ndiye aliyefananisha hatua hizo na faneli.

Intaneti ilileta kitu kimoja kipya: kila hatua sasa inaweza kuhesabiwa. Mama anayeuza sokoni Kadutu hawezi kujua ni watu wangapi walipita mbele ya meza yake wakaangalia vitenge vyake na kuendelea na safari. Lakini anayeweka picha kwenye status anaona orodha ya walioitazama, anaona waliouliza bei, na anaona waliolipa. Anao ushahidi mkononi, na wengi hawautumii.

Marekani na Ulaya, biashara hii imekuwa kiwanda kizima. Mtu anabonyeza tangazo, anapelekwa kwenye ukurasa mmoja wenye bidhaa moja, anaacha anwani yake ya barua pepe, anapokea ujumbe kila siku mbili, kisha anafika kwenye ukurasa wa kulipa kwa kadi ya benki. Kampuni kama ClickFunnels, iliyoanza mwaka 2014, zinauza programu za kutengeneza njia hiyo. Vijana wengi wa Kongo wananunua masomo yanayofundisha mfumo huohuo, jinsi ulivyo, bila kubadilisha kitu.

Hapo ndipo mambo yanakwama. Mteja wa Uvira au Butembo kwa kawaida hana kadi ya benki, na barua pepe anaifungua mara chache. Dukani kwake ni WhatsApp na Facebook, benki yake ni M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na gari la kumletea mzigo ni pikipiki. Faneli ya huku sherti itengenezwe na vifaa vya huku.

Hesabu ya juma moja

Tuchukue mfano wa kufikirika, ili hesabu ionekane. Mama mmoja wa Bukavu anauza vitenge. Kila pisi ya yadi 6 inamuachia faida ya dola 4. Mtaji wake umetoka kwenye likelemba, na kila juma sherti apeleke dola 20 kwa wenzake.

Juma hili watu 200 wameona picha zake. Kati yao 40 wameuliza bei. Kati ya hao, 12 wamesema watachukua. Waliotuma pesa ni 4. Faida yake ni dola 16. Zinapungua dola 4 ili atimize likelemba, na dola hizo atazitoa kwenye mtaji. Juma lijalo atanunua vitenge vichache zaidi, na kwa majuma machache ya namna hiyo biashara itakufa bila mtu yeyote kumuibia.

Jambo la kwanza linalomjia akilini ni kwamba hajulikani vya kutosha. Analipa tangazo la dola 10 kwenye Facebook, na watu 400 wanaona picha. Ikiwa mambo mengine yote yamebaki vile yalivyokuwa, 80 watauliza, 24 wataahidi, 8 watalipa. Faida ni dola 32. Akiondoa dola 10 za tangazo anabaki na 22. Likelemba imepita, na dola 2 zimebaki. Juma lijalo sherti alipe tena.

Njia ya pili ni kuacha watu walewale 200, na kuuliza kwa nini, kati ya 12 walioahidi, 8 hawakulipa. Akiweza kuwarudisha 4 tu kati ya hao 8, atauza pisi 8, sawasawa na yule aliyelipa tangazo. Hata akitoa nusu dola kwa kila mteja ili kusaidia pesa ya pikipiki, anabaki na dola 28. Na kwa kuwa tundu limezibwa, juma lijalo faida hiyo inaweza kurudi bila kulipa tangazo jingine.

Si kusema kwamba matangazo ni mabaya. Yana wakati wake. Lakini kumwaga mafuta mengi juu ya faneli iliyotoboka ni kuongeza hasara, na mchuruzi mwenye mtaji wa mkopo hana nafasi ya kujifunza hilo mara mbili.

Tundu la kwanza: bei inayofichwa

Kwenye makundi mengi ya uchuruzi, maneno ni yaleyale kila siku.

"Mama, ile ya bluu ni ngapi?"

"Njoo inbox."

Muuzaji ana sababu zake. Hataki washindani waone bei yake, au anataka kwanza kumpima mteja. Lakini mteja anaelewa jambo lingine: kwamba bei itategemea sura yake. Tena kuandika inbox kunamla mega na muda, na bado hajui kama kitu kiko kwenye uwezo wake. Wengi wanaacha hapo, kimya.

Bei iliyoandikwa chini ya picha inachuja watu mapema. Wasioweza wanapita bila kumchosha muuzaji, na wanaouliza wanakuwa wale walio na nia. Na huku kwetu bei ina nyuso mbili, dola na franka za Kongo. Muuzaji akiandika dola tu, na mteja ana franka, mabishano juu ya kiwango cha kubadilisha yanaanza kwenye mlango wa kulipa, mahali ambapo faneli ni nyembamba kabisa. Ni vizuri kuandika zote mbili, na kutaja kiwango cha siku hiyo.

Gharama za ziada nazo sherti zitajwe mapema. Taasisi ya Baymard, inayochunguza maduka ya mtandaoni, imekusanya tafiti nyingi na kuona kwamba wateja karibu 70 kwa 100 wanaojaza kikapu wanaondoka bila kulipa. Ukiwaacha wale waliokuwa wanatazama tu, sababu ya kwanza inayotajwa ni gharama zinazotokea mwishoni: usafiri, kodi na kadhalika. Kwetu gharama hizo ni pesa ya pikipiki na pesa ya kutolea kwenye simu. Mteja aliyekubali dola 15, akiambiwa mwishoni aongeze dola 2, anajisikia amedanganywa hata kama dola 2 ni za haki.

Tundu la pili: mteja asiyeandikwa

Wateja wengi hawanunui siku ileile wanapouliza. Wanangoja mshahara, wanangoja bwana arudi safarini, wanangoja zamu yao ya likelemba. Mteja aliyeuliza tarehe 12 anaweza kununua tarehe 30, ikiwa kuna mtu atakayemkumbusha kwa adabu. Muuzaji asiyeandika mahali popote anamsahau, na mteja naye anamsahau muuzaji.

WhatsApp Business, programu ya bure iliyotoka mwaka 2018, ina vifaa vya kazi hiyo. Muuzaji anaweza kupanga bidhaa na bei zake ndani ya katalogi, kuweka majibu ya haraka kwa maswali yanayorudi kila siku, na kumpa kila mteja alama: mteja mpya, ameagiza, malipo yanangojewa, amelipa. Alama hizo ndizo hatua za faneli. Asubuhi akifungua simu, anaona mara moja ni nani wa kufuatilia. Asiye na programu hiyo, daftari la shule lenye mistari minne linatosha: jina, kitu alichouliza, siku aliyosema, amefikia wapi.

Kuna jambo lingine ambalo wachuruzi wengi hawalijui. Kwa kawaida, status inaonwa na mtu ambaye wewe umehifadhi namba yake na yeye amehifadhi yako. Vilevile, ujumbe wa orodha ya matangazo, ambayo kila moja inaweza kubeba namba 256, unamfikia tu mtu aliyehifadhi namba ya muuzaji. Kumbe, mteja akiuliza bei, ombi la kwanza si "nunua" bali ni "Yaya, hifadhi namba yangu, ukihitaji uone vitu vipya." Asipoihifadhi, yuko nje ya faneli hata kama aliwahi kununua.

Kufuatilia nako kuna kipimo. Ujumbe mmoja baada ya siku mbili, na mwingine siku ile mteja mwenyewe aliyoitaja, ni ukumbusho. Ujumbe kila asubuhi ni usumbufu, na dawa yake mteja anaijua: anakufungia.

Tundu la tatu: woga wa kutuma pesa

Hapa ndipo faneli nyingi za huku zinavuja kuliko mahali pengine pote. Mteja amependa, amekubali bei, ana pesa kwenye simu. Lakini hajawahi kumuona muuzaji kwa macho. Anajiuliza: nikituma, kisha nisipokipata?

Woga huo una historia. Wazee wanakumbuka Bindo, mchezo wa kuzidisha pesa ulioanguka mwaka 1991 kule Kinshasa na kumeza akiba ya watu wengi. Vijana nao wana hadithi zao, za namba iliyozimwa mara tu baada ya pesa kupokelewa. Muuzaji mwaminifu analipa deni la waongo waliomtangulia.

Wachuruzi wa Butembo wanaokwenda kuleta mizigo Guangzhou wanajua nchi iliyokutana na tatizo hilohilo. Soko la mtandaoni Taobao lilipoanza China mwaka 2003, wanunuzi waliogopa kutuma pesa, na wauzaji waliogopa kutuma mzigo. Kundi la Alibaba lilitengeneza mfumo ambao baadaye ulikuwa Alipay: pesa ya mnunuzi inashikwa katikati, na muuzaji anaipata pale mnunuzi anapothibitisha kwamba kitu kimefika. Huku Afrika, Jumia, iliyoanza Lagos mwaka 2012, iliwaruhusu wateja kulipa wakati wa kupokea. Wote wawili walielewa kwamba watu hawakukosa hamu ya kununua. Kilichokosekana ni mtu wa kubeba hatari.

Mchuruzi mdogo hana Alipay, lakini anaweza kugawana hatari na mteja wake. Wa mji uleule anaweza kulipa mkononi, mzigo ukifika. Wa mji mwingine anaweza kutuma nusu kwanza, na nusu baada ya kuona picha ya bordero ya mashua au ya gari iliyobeba mzigo. Namba ya kupokea pesa iwe imeandikishwa kwa jina lilelile ambalo muuzaji anajitambulisha nalo, kwa sababu mteja anayeona jina la mtu asiyemjua kwenye ujumbe wa malipo anashtuka, na ana haki ya kushtuka. Na mwenye Airtel Money asilazimishwe kutafuta wakala wa M-Pesa kwenye kartie nyingine; kuwa na namba kwenye mitandao miwili au mitatu kunaondoa kizuizi hicho.

Jibu la muuzaji kwa mwenye wasiwasi nalo lina uzito wake. "Kama huniamini, acha" ni kufunga mdomo wa faneli kwa mkono wako mwenyewe. Mwingine anajibu hivi: "Uko sawa kuogopa, mama. Niko sokoni, mstari wa vitenge, karibu na mlango mkubwa. Kama una ndugu huku, mtume aje anione, ashike kitenge, kisha ndipo utume." Mara nyingi ndugu huyo hatumwi hata kidogo. Inatosha kwamba mlango ulifunguliwa.

Tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa AFC/M23, mwezi wa kwanza na wa pili mwaka 2025, jambo hilo limekuwa zito zaidi. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, noti zikawa haba, na simu ikawa mfuko wa pesa wa watu wengi. Pesa kidogo iliyobaki ndani ya simu, mtu anaifikiria mara tatu kabla ya kumtumia asiyemfahamu.

Tundu la nne: kati ya malipo na mlango

Wauzaji wengi wanadhani faneli inaishia pale pesa inapoingia. Kwa mteja, hapo ndipo wasiwasi mkubwa unaanza. Kama muuzaji alikuwa anajibu kwa dakika moja kabla ya malipo, na sasa anajibu baada ya saa tano, mteja anaamini tayari ameibiwa. Ujumbe mfupi, "Nimepata pesa, motari anaondoka saa nne," unamtuliza, na hauna gharama.

Miji yetu ina ugumu wake. Avenyu nyingi hazina namba za nyumba zinazoonekana, na maelekezo yanatolewa kwa kanisa, shule au mti. Mteja aombwe alama hizo kabla pikipiki haijaondoka, pamoja na namba ya pili ya simu. Kwa sababu za usalama, ni heri mzigo upelekwe mchana, na wasiofahamiana wakutane mahali penye watu. Na kwa anayelipa mkononi kwa dola, aambiwe mapema kwamba noti iliyochanika haitapokelewa. Kila mtu huku anajua ni mauzo mangapi yamekufia kwenye mpasuko mdogo wa noti, motari akiwa amesimama mlangoni na hesabu ya mafuta ikiongezeka.

Wakubwa wa biashara ya mtandaoni walijali sana sehemu hii ya mwisho. Amazon ilipewa hati ya ugunduzi mwaka 1999 kwa ajili ya kununua kwa kubonyeza mara moja tu, bila kujaza upya anwani na kadi. Mchuruzi wa WhatsApp anaweza kufanya jambo linalofanana kwa daftari lake. Mteja wa mara ya pili asiulizwe tena anakaa wapi.

Mteja anayerudi

Mwaka 2009 washauri wa kampuni ya McKinsey waliandika kwamba faneli peke yake haielezi vizuri safari ya mnunuzi wa leo. Mnunuzi hateremki moja kwa moja. Anarudi nyuma, anauliza rafiki, anaongeza chaguo jingine, na baada ya kununua anaendelea kupima kama alifanya vizuri. Maoni yake baada ya kununua ndiyo yanamleta mwingine.

Kwa wakaaji wa Kivu, Ituri au Katanga, hilo si jambo la kufundishwa. Neno la shangazi lina nguvu kuliko picha kumi. Mteja aliyepokea kitenge kilekile alichoonyeshwa, kwa bei ileile, kwa siku ileile aliyoahidiwa, atamwambia jirani kanisani. Kwa hiyo baada ya kupokea, muuzaji aulize: "Kimefika vizuri? Rangi ni ileile?" Kama kuna kosa, alirekebishe siku hiyohiyo. Kubadilisha pisi moja kunaweza kumgharimu faida ya siku, lakini mteja aliyekasirika ana makundi ya WhatsApp kama yeye.

Faneli ya wadanganyifu

Chombo hikihiki kinatumiwa pia na wezi, na ni vema wanunuzi wakijue. Mdanganyifu anaanza na picha nzuri na bei ya chini kuliko soko lote. Kisha anamuingiza mtu ndani ya kundi ambalo kila mmoja anasifu, wengine wakiwa ni yeye mwenyewe kwa namba nyingine. Kisha anatisha: "Zimebaki 2 tu, tuma sasa." Akishapokea, anatoweka.

Alama ya kumtambua ni haraka yake. Muuzaji wa kweli anakubali maswali, anakubali mtu aje kuona, anatuma video ya bidhaa yenyewe ikiwa ameombwa, wala haogopi mteja akisema atafikiri mpaka kesho. Mdanganyifu anasukuma watu wafike kwenye mdomo mwembamba kabla hawajauliza lolote.

Wachuruzi waaminifu nao wanajaribiwa kuiga hila ndogo. Kuandika "zimebaki 2" wakati stoo ina 30, kuchukua picha za duka la China na kuleta kitu cha aina nyingine, kutunga ushuhuda wa mteja ambaye hayupo: yote yanaweza kuuza mara moja. Lakini mji ni mdogo kuliko unavyoonekana, na mteja aliyeona "zimebaki 2" majuma matatu mfululizo anajua kuhesabu.

Sheria nayo ipo. Sheria ya dijitali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inagusa biashara ya mtandaoni, ulinzi wa habari za watu binafsi na makosa yanayofanywa kwa mtandao. Namba za wateja si mali ya kugawa ovyo. Kumtupa mteja ndani ya kundi la watu 300 bila kumuomba ruhusa ni kuweka namba yake mbele ya macho ya wote, wakiwemo wale wezi.

Pa kuanzia

Hakuna haja ya kulipa dola nyingi kwa mafunzo ili kuanza. Mchuruzi achukue daftari, na kwa majuma mawili aandike namba nne tu: walioona, waliouliza, walioahidi, waliolipa. Mwishoni aangalie ni kati ya hatua zipi watu wamepungua kuliko kawaida. Wengi wakiona bila kuuliza, tatizo ni picha au bei iliyofichwa. Wengi wakiuliza bila kuahidi, aangalie bei yenyewe, au muda anaochukua kujibu. Wengi wakiahidi bila kulipa, aangalie imani, mitandao ya malipo na pesa ya usafiri.

Kisha azibe tundu moja tu, lile kubwa, na ahesabu tena majuma mawili. Yule mama wa mfano wetu, akipata wateja 4 tu zaidi kati ya wale ambao tayari walisema "nitachukua", anapeleka dola 20 zake kwenye likelemba, mtaji unabaki mzima, na zile dola 10 za tangazo zinabaki mfukoni mpaka siku faneli itakapokuwa tayari kupokea mafuta mengi zaidi.